Jina Lisilokosa Hata Siku Moja

Mimi ni fundi cherehani, na wanaosema umbea ni kazi ya wanawake hawajawahi kukaa na fundi cherehani. Nguo ya mtu ikifika mezani kwangu najua amenenepa wapi, amekonda lini, anabeba mzigo kwa bega lipi, na kama suruali aliyoleta ni yake kweli au ya kaka yake. Siulizi. Yaani, naanza kwa kutouliza, halafu nauliza.

Hatua tatu kutoka kwenye cherehani yangu, kwenye baraza hiyohiyo, kuna meza ya mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Bi Pasi. Anapiga pasi nguo za watu. Pasi yake ni ya mkaa, nzito, na mpini wake wa mbao ulikwishapasuka akaufunga kwa kamba. Ana chupa ya maji aliyoitoboa kifuniko kwa msumari. Mkono wa kushoto unanyunyiza, wa kulia unakuja nyuma na pasi, na kabla ya kugusa nguo ya mtu anaijaribu kwanza kwenye kitambaa chake kikuukuu. Miaka kumi na mitatu tumekaa pamoja, sikuwahi kumwona akiunguza hata leso.

Sasa kuna kawaida yake moja ambayo lazima niieleze, maana mambo yote yalianzia hapo. Bi Pasi hapigi nguo pasi kabla ya kupekua mifuko. Akikuta kitu, iwe sarafu, risiti, kalamu au noti, anakibana kwa pini kwenye kola ya nguo ileile na kuirudisha hivyo kwa mwenyewe. Siku moja alibana noti nzima, mpya, kwenye shati la bwana mmoja anayejulikana kwa kulewa.

"Dada," nikamwambia, "huyu hakumbuki hata kama shati lina mifuko."

"Ina mwenyewe, Fundi," akajibu bila kuinua macho. "Kitu chenye mwenyewe hakiliwi."

Kwa ajili ya hizo pini watu wa mitaa mitatu wanamletea nguo, na wengine wanapita mlango kwa mlango wa wapiga pasi wengine kumfuata yeye. Lakini kazi nyingi si hela nyingi. Mumewe alikwenda mbali kutafuta kazi. Nasikia kazi aliipata, na mke mwingine pia. Akabaki Bi Pasi na mama yake mzazi ambaye macho yake yameacha kuona, na binti yake wa pekee. Halafu mdogo wake akafariki, akaachiwa mtoto wa marehemu, msichana aliyemzidi binti yake mwaka mmoja tu.

Mimi watoto nawaita kwa vitu vya kwenye kopo langu. Binti wa Bi Pasi, mwenye uso wa mviringo, ni Kifungo. Mpwa wake, mwembamba wa kupenya popote, ni Sindano. Wote wawili nywele wanakata fupi, na kwa mbali utadhani mapacha.

Kabla Sindano hajaja, maafisa wa mpango wa kusaidia kaya maskini walipita nyumba kwa nyumba wakiandika watu. Bi Pasi akaandikwa. Kila baada ya miezi miwili angepewa hela, ila kwa sharti: mtoto aliyeandikwa aende shule, na rejista ya mwalimu ingekaguliwa. Akikosa siku nyingi, hela inakatwa. Niseme ukweli, hela ile ilifanya kazi. Zamani Kifungo alikuwa mwanafunzi siku mbili na mbeba nguo siku tatu. Hela ilipoanza kuja alipata viatu, madaftari na sare niliyomshonea mwenyewe, nikawa simwoni tena barazani asubuhi.

Basi hela ilikuwa inakuja na karatasi, na kwenye karatasi kulikuwa na jina la Kifungo. Bi Pasi akafanya kile mikono yake ilichozoea. Alinishonesha kifuko cha kitambaa cha bluu, akaitia hela humo, akaibana karatasi juu yake kwa pini. Kila kilichotoka humo kilikuwa cha Kifungo. Sindano alipokuja, kifuko hakikumhusu.

"Si uchanganye tu?" nilimwuliza. "Wote si watoto wako?"

"Wote wangu. Lakini hela ina jina la mmoja. Nimwibie mwanangu nimsomeshe mwanangu? Za Sindano nitazitafuta kwenye pasi."

Nami nilidhani ndivyo ilivyo. Za kwenye pasi zilitosha kula, hazikutosha kusoma. Sindano akabaki nyumbani kuteka maji na kumwangalia Bibi asiyeona, na kila muhula Bi Pasi alisema muhula ujao. Kila akilisema hilo alikuwa hanitazami usoni.

Hapo ndipo ilipofika mezani kwangu sare ya Kifungo, imechanika kwapani.

Bi Pasi aliitupa juu ya meza yangu ikiwa imeviringishwa, akarudi kwenye mashati ya watu. Nguo za nyumbani kwake hazitazami, mganga hajigangi. Mimi nikaikunjua. Kwanza nikaona pindo. Lilikuwa na mistari miwili ya matundu ya sindano, mmoja juu ya mwingine kwa vidole viwili, na nyuzi zilikuwa za rangi tatu. Pindo hilo lilikuwa limeshushwa na kupandishwa, likashushwa tena na kupandishwa tena, mara nyingi mpaka kitambaa kimelegea. Nimeshona miaka kumi na tisa. Mtoto anayekua namjua. Mtoto anayekua Jumatatu na kusinyaa Jumanne nilikuwa sijakutana naye.

Halafu nikaona wino. Mkono wa kushoto ulikuwa na wino ukingoni, na hilo halikunishangaza, Kifungo anaandika kwa kushoto. Lakini mkono wa kulia nao ulikuwa na wino, palepale, kiasi kilekile.

"Dada," nikasema, "mwanao anaandika kwa mikono miwili?"

"Aandike hata kwa miguu, mradi anaandika. Umemaliza?"

Sikumaliza. Nilishona kwapa, lakini kichwani nilikuwa naendelea kufumua. Bahati nzuri wiki ile mwalimu wao alileta suruali iliyokufa zipu. Nikaichukua polepole, nikamwekea kiti, nikamwuliza habari za shule, habari za watoto, habari za yule binti wa jirani yangu wa pasi.

"Yule?" Mwalimu akacheka. "Yule hata simwelewi. Leo anajua sehemu za hesabu, kesho ni kana kwamba hajawahi kuzisikia, keshokutwa anazijua kuliko mimi. Na daftari lake lina miandiko miwili, mmoja umelala kushoto, mwingine kulia. Ila mtihani uliopita alikuwa wa nne. Na hakosi. Darasa lina watoto tisini na wanne, ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia nusu walilala nyumbani. Yeye, nipo, nipo, nipo, kila siku."

Nikashusha mkasi. Wakati wa macho mekundu nilimwona Kifungo kwa macho yangu, amekaa siku tatu nyuma ya meza ya mama yake na kitambaa cha maji usoni.

Jumanne iliyofuata nilifunga cherehani asubuhi nikajifanya nakwenda kununua uzi. Nikasimama kwenye kona ya njia ya shule. Watoto wakapita makundi kwa makundi, halafu ikapita sare ninayoijua, kwapa nililolishona mwenyewe, pindo limeshushwa.

"Kifungo!" nikaita.

Msichana akageuka. Alikuwa Sindano.

"Shikamoo, Mjomba Fundi."

"Marahaba. Leo umekuwa nani wewe?"

Akatazama viatu, ambavyo vilimbana. "Leo mimi ndiye Kifungo."

"Na Kifungo mwenyewe?"

"Yuko na Bibi. Wiki hii mimi nina Jumanne na Alhamisi. Wiki ijayo nina siku tatu, yeye mbili. Tunapokezana."

"Mwalimu haoni?"

"Mwalimu anaita ameinamia rejista. Ukisema nipo, anaweka alama."

"Na wenzenu?"

"Wanajua wote."

Watoto tisini na zaidi walijua, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nimewahi kumwambia siri mtu mmoja tu, ikafika sokoni kabla yangu.

Nikamwuliza nani aliyewafundisha ujanja huo. Akashangaa, kana kwamba nimeuliza nani aliyemfundisha kutembea. "Mama mkubwa alisema hela ina jina la mwenzangu, na jina likikosa shule hela inakatwa. Hakusema nani alipeleke. Basi tunalipeleka kila siku, halikosi. Hela yenyewe hatuigusi, Mjomba. Jioni aliyekwenda anamfundisha aliyebaki. Akisahau kitu, anaosha vyombo."

Nikamwambia awahi darasani. Akapiga hatua mbili, akarudi.

"Usimwambie Mama mkubwa. Akijua atarudisha hela, na wote wawili tutakaa nyumbani."

Alimjua mama yake mkubwa barabara. Mtu anayebana noti ya mlevi kwenye kola, ukimwambia nusu ya siku ambazo hela ililipiwa zilikwenda kwa mwingine, atafanya nini? Nikaapa. Kwa wiki nne nilikaa hatua tatu kutoka kwa mama yule na siri yake mwenyewe, mimi ambaye sijawahi kukaa na siri mpaka chakula cha mchana. Alikuwa akiniuliza kama naumwa.

Za mwizi ni arobaini, husema watu. Hawa hawakuwa wezi, na kilichowafichua si kosa bali kutokosa. Alhamisi moja alasiri alifika barazani mama wa ofisi ya mpango, yule tunayemwita Mama Rejista, kwapani ana bahasha, usoni ana furaha. Watoto walikwishatoka shule, na wote wawili walikuwa pale wakifunga nguo za kupeleka kwa wateja. Sindano alikuwa bado na sare, nyuma ya mgongo wa Bi Pasi aliyeinamia pasi.

"Fundi, nimekuletea kazi," akasema Mama Rejista. "Na wewe dada, nimekuletea sifa. Tumepitia rejista za shule zote. Katika watoto wote wa mpango, ni mmoja tu ambaye hajakosa hata siku moja tangu mwaka uanze. Wakubwa wameamua apewe sare mpya, mbele ya watu, apigwe picha. Nimekuja apimwe."

Bi Pasi hakusimamisha pasi, lakini niliona shingo yake ikinyooka. Miaka yote ile sikuwahi kumwona akisifiwa kwa kitu kisicho shati.

Mama Rejista akafungua bahasha, akavaa miwani, akainama, akasoma jina lile lote, la kwanza, la baba na la babu, kwa sauti ileile wanayoitia walimu.

"Nipo!" wakaitika.

Wote wawili. Kwa pamoja, wamesimama wima, mikono chini.

Sindano akaziba mdomo kwa viganja viwili. Kifungo akamtazama mama yake. Mama Rejista akainua kichwa, akatazama huyu, akatazama yule, akatazama sare iliyokuwa mwilini mwa asiyehusika. Kisha nikasikia harufu.

Shati jeupe la mteja lilikuwa linaungua. Pasi ilikuwa imesimama katikati ya mgongo wake na mkono wa Bi Pasi bado uko kwenye mpini, ila macho yake yalikuwa kwa watoto. Niliruka nikaiinua. Iliacha alama ya kahawia ya umbo lake zima, na yeye hata hakuitazama.

"Tangu lini?" akauliza.

Kifungo ndiye aliyejibu, akilia. "Tangu mwaka jana. Mimi ndiye niliyemwambia twende kwa zamu. Alikuwa ananiuliza kila siku tumesoma nini. Kila siku, Mama."

"Jina halikukosa, Mama mkubwa," Sindano akasema. "Hata siku moja."

Bi Pasi akajifuta mikono. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kifuko cha bluu pamoja na karatasi na pini yake, akakiweka juu ya bahasha ya Mama Rejista.

"Chukua. Kilichobaki kimo humo. Kilicholiwa nitalipa kidogo kidogo. Aliyeandikwa amekwenda nusu, nami nimepokea nzima. Sikujua, lakini nimepokea."

"Dada, subiri," akasema Mama Rejista. "Huyu mwingine ni nani?"

"Mtoto wa marehemu mdogo wangu."

"Anaishi kwako?"

"Kwangu."

"Sasa kwa nini hajaandikishwa shule?"

Bi Pasi akaonyesha karatasi. "Hela ina jina la huyu."

Mama Rejista akavua miwani. Yeye si mtu mbaya, lakini siku ile nilimchukia kwa jinsi alivyosema polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Dada, hela hii ni ya nyumba. Ni ya kila mtoto aliye chini ya paa lako. Jina tunaliandika ili tujue pa kukagua. Hela si yake peke yake."

Bi Pasi akakaa chini kwenye ndoo yake ya mkaa.

"Kwa hiyo ningeweza kumnunulia daftari?"

"Ndiyo."

"Na viatu?"

"Ndiyo, dada."

"Tangu malipo gani?"

"Tangu siku alipoingia nyumbani kwako."

Nikalipuka. Nilimwuliza Mama Rejista kama hilo lilikuwa siri ya serikali au nini. Akasema walieleza kila kitu kwa kipaza sauti siku ya kuandikisha. Nikamwambia siku hiyo nilikuwepo, kipaza sauti kilikoroma kama paka na watu walisikia neno "kukatwa" tu. Akaandika kitu pembeni mwa karatasi yake. Natumaini aliandika hilo.

Bi Pasi hakuwa anatusikiliza. Alimvuta Sindano karibu, akaanza kupekua mifuko ya sare yake, wa kulia, wa kushoto, taratibu, anavyofanya kwa nguo ya mteja. Ndani mlikuwa na kipande cha chaki na penseli fupi isiyoshikika. Akavitazama kwenye kiganja. Kisha akalia, na mimi nikageuka nikajishughulisha na cherehani isiyo na uzi.

Sitasema mambo yaliisha vizuri kote. Mama Rejista alisema naye ana wanaomkagua. Malipo yaliyofuata yalikatwa nusu kwa sababu ya siku zilizohesabiwa kwa mtoto asiyekuwepo, na ile sare ya sifa akapewa mtoto mwingine aliyekosa siku moja. Lakini aliandika barua kwa mkono wake, mjumbe wa mtaa akaitia sahihi, na jina la pili likaingia kwenye karatasi ya Bi Pasi na kwenye rejista ya Mwalimu. Shati lililoungua nililikatia mgongo mpya, na mteja hajajua mpaka leo. Naye Bibi tukamleta barazani, anakaa nami mchana kutwa akichambua vifungo vyangu kwa vidole, vya mashimo mawili huku, vya manne huku. Nilimwuliza kama alikuwa anajua. Akasema mmoja anakanyaga kwa kisigino, mwingine kwa vidole, angeachaje kujua? Na kwa nini hakusema?

"Aliniuliza nani?"

Sare nilishona mbili, kila moja kwa kipimo cha mwili wake. Sindano alipoijaribu alishika pindo akitafuta uzi wa kulegeza. Nikamwambia hilo halishuki, halipandi, ni lako.

Jumatatu aliyoanza sikuwepo darasani, bila shaka, lakini jioni nilikuwa nimemwekea Mwalimu kiti hata kabla hajafika. Akanieleza. Aliita rejista kama kawaida, ameinama. Alipofika kwa Kifungo, akasikia nipo. Akaendelea. Akafika kwenye jina jipya, chini kabisa, kimya. Akaliita tena, kimya. Akadhani mtoto hakuja. Akainua kichwa aliite mara ya tatu, akamwona amekaa palepale mbele yake na sare mpya, mikono juu ya dawati, anamsubiri huyo anayeitwa aitike.

Kifungo akamgusa kwa kiwiko. "Wewe! Ni wewe huyo."

Sindano akasimama, akatazama nyuma kuona kama kuna mwingine anayesimama, halafu akasema, "Nipo."